Vimelea Visivyohama: Kisa cha Chenga za Kihisi kwenye Hadubini ya Kifua Kikuu

Programu iliandikwa ili ihesabu vimelea vya kifua kikuu kwenye picha za hadubini. Ofisini Mikocheni, Dar es Salaam, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, ilihesabu vizuri. Ilipohamishiwa kwenye kituo cha afya upande wa Temeke ikaanza kuona vimelea kwenye slaidi zisizo na kitu, na mchana ikaona vingi kuliko asubuhi.

Walioitengeneza ni timu ndogo, waandishi wa programu pamoja na mmoja aliyesomea fizikia. Nilipewa msimbo wao, picha ghafi na daftari la majaribio nipitie. Jina la timu na la kituo nayaacha, kwa kuwa kosa lenyewe limeenea mno kubandikwa watu wachache. Niseme pia mapema, ili mtu asisome kwa hofu, kwamba programu ilikuwa bado kwenye majaribio. Kila slaidi ilisomwa kwa macho na mtaalamu wa maabara, na jibu lililokwenda kwa mgonjwa lilikuwa lake, si la kompyuta.

Kimoja kwa kila uwanja

Wapo watakaouliza hadubini ya nini siku hizi wakati GeneXpert ipo. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliipitisha GeneXpert mwishoni mwa 2010, na mgonjwa mpya hupimwa kwayo pale inapopatikana. Lakini mashine hiyo husaka vinasaba, na vinasaba vya kimelea kilichokufa huendelea kuonekana kwenye makohozi. Kwa mtu ambaye tayari yuko kwenye dawa haisemi vizuri kama kilichoonekana ni kizima au ni mzoga. Ndiyo maana kufuatilia matibabu bado ni kazi ya hadubini.

Hadubini ya kisa hiki ni ya taa ya LED. Makohozi hupakwa kwenye slaidi, hukaushwa, hutiwa rangi ya auramini, huoshwa kwa asidi, kisha hutiwa dawa ya kufifisha mandharinyuma. Chini ya mwanga wa bluu kimelea hung'aa kijani-njano: kijiti chembamba, mikromita 2 hadi 4 kwa urefu, juu ya weusi. Kwa ukuzaji wa mara 200 mtaalamu hupitia mstari mmoja wa slaidi, kama nyanja 30 hivi, uwanja mmoja ukiwa ni eneo linaloonekana kwa mtazamo mmoja. Asipoona kitu, jibu ni hasi. Akiona kuanzia kimoja hadi 29 katika mstari mzima, huhesabiwa kuwa vichache na idadi yenyewe huandikwa. Kuanzia 30 hadi 299 ni daraja la 1+.

Sasa piga hesabu. Programu ikizua kimelea kimoja tu cha uongo kwa kila uwanja, mstari mzima unakuwa na 30, na mtu asiye na kitu amepata 1+. Akiwa ni mgonjwa aliye mwezi wa tano wa dawa ni balaa, kwa sababu makohozi yenye vimelea mwezi wa tano au baadaye ni dalili kwamba matibabu huenda yameshindwa. Huyo atabadilishiwa safari nzima ya tiba kwa ajili ya vidoa vilivyotoka kwenye kamera.

Chenga walizoziiga

Slaidi zenye vimelea vingi si shida kuzipata. Zile zenye vichache, ambazo ndizo ngumu kusoma, ni adimu, na kila moja inataka kibali na watu wawili wa kuisoma. Timu ikafanya kama wanavyofanya wengi. Ilikata maumbo ya vimelea halisi, ikayabandika kwenye mandharinyuma tupu, ikaongeza chenga za kuigiza (chenga ni vile vidoa vya bahati nasibu ambavyo kamera hutia kwenye picha), na hivyo ikapata picha za kufundishia kompyuta kwa wingi ilioutaka. Kuanzia hapo ufundi wa programu ukategemea ukweli wa chenga zile.

Toleo la kwanza la chenga lilikuwa mstari mmoja wa NumPy, maktaba ya hesabu ya Python: chukua picha safi, jumlisha namba za bahati nasibu za mgawanyo wa Gauss, ukubwa uleule kila mahali. Mwanafizikia wao akalikataa, na alikuwa na haki. Mwanga hufika kwenye pikseli fotoni moja moja, yaani chembe moja moja, bila ratiba, na pikseli huzigeuza kuwa elektroni. Pikseli inayopokea wastani wa elektroni 100 safari hii itasoma 92, safari ijayo 107. Mtawanyiko wake ni kipeuo cha pili cha wastani, yaani 10. Penye elektroni 10,000 mtawanyiko ni 100. Chenga hizi huongezeka mwanga unapoongezeka, ila polepole kuliko mwanga wenyewe, ndiyo maana picha ya juani huonekana safi na ya chumba cha giza imejaa chenga. Hakuna kamera inayozikwepa, hata ya bei gani, kwa sababu zinakuja na mwanga wenyewe.

Toleo la pili likaandikwa kwa kufuata safari ya mwanga. Fotoni zinaingia kwa mgawanyo wa Poisson, sehemu yake inageuka kuwa elektroni, mkondo wa giza, yaani elektroni zinazotoka hata pasipo mwanga, unaongeza chache, saketi ya usomaji inatia chenga zake za Gauss, kisha kigeuzi, kinachogeuza umeme kuwa namba, kinaikata namba iwe ya biti 12. Kwa mkondo wa giza waliweka namba moja, wastani walioutoa kwenye karatasi ya maelezo ya kamera, sawa kwa pikseli zote milioni 1.2. Iweke akilini namba hiyo.

Kisha wakaipima modeli yao dhidi ya kamera halisi, na hapa nawasifu kwa dhati, maana wengi huruka hatua hii. Walitumia njia iliyomo kwenye EMVA 1288, kiwango cha upimaji wa kamera kilichotolewa na chama cha Ulaya cha watu wa kamera za viwandani. Toleo lake la kwanza ni la 2005 na la 4.0 ni la 2021. Unaelekeza kamera kwenye mwanga uliosambaa sawasawa, unapiga picha mbili kwa kila kiwango cha mwanga, unatoa moja kwenye nyingine, unapima variansi (mraba wa mtawanyiko) ya tofauti na kuigawa kwa mbili. Halafu unachora variansi dhidi ya wastani. Kamera inayofuata sheria hutoa mstari ulionyooka. Mteremko wake unakwambia elektroni moja ni sawa na namba ngapi za kigeuzi, na mahali unapoanzia panakwambia chenga za usomaji ni kiasi gani. Mstari wa kamera na mstari wa modeli ukalaliana. Daftari linasema modeli imethibitishwa, na chini yake kuna tarehe.

Mtu asije akadhani kipimo kile ni kibaya. Kilijibu swali kililoulizwa. Ubaya ulikuwa kwenye swali.

Februari, Temeke

Chumba cha maabara kituoni kina kiyoyozi, ila umeme ukikatika jenereta hubeba friji na taa, kiyoyozi hapana. Kamera inavuta umeme kutoka kwenye kompyuta mpakato, na kompyuta ina betri, kwa hiyo kazi haisimami. Ilikuwa Februari. Kwa msomaji wa mbali: Dar mwezi huo mchana hufika nyuzi 32 au 33, unyevu umejaa hewani, na madirisha ya chumba hiki hufungwa kwa pazia nene kwa sababu hadubini inataka giza. Upepo wa kaskazi unaishia nje.

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa rangi. Auramini iliyokaa sana, au isiyochujwa, huacha chembe zinazong'aa kwenye slaidi, na hakuna mtu wa maabara asiyezijua. Ikachujwa, halafu ikatengenezwa mpya. Vidoa vikabaki. Likafuata vumbi kwenye lenzi, kisha mwanga wa dirishani, kisha toleo la maktaba moja ya programu lililotofautiana na la ofisini. Kila mtuhumiwa alipata siku yake ya kuonekana ana hatia, kwa sababu tatizo lilikuwa linakuja na kuondoka. Wanabadilisha kitu asubuhi, mambo yanatulia, wanapongezana. Saa nane mchana yamerudi.

Kilichonishangaza ni kwamba saa ya kila picha ilikuwemo kwenye jina la faili tangu siku ya kwanza. Nilipopanga picha kwa saa, bila kujali siku wala slaidi, idadi ya vidoa ilipanda kuanzia saa tano, ikafika kilele baina ya saa nane na saa kumi, ikashuka. Kwenye siku ambazo daftari linataja kukatika kwa umeme ilipanda haraka zaidi. Rangi haijui saa. Joto linajua.

Lakini timu haikufika hapo kwa kupanga mafaili. Aliyefungua fundo ni mtaalamu wa maabara, mama aliyeanza kutazama hadubini kabla baadhi ya vijana wale hawajaanza shule. Programu ilikuwa inachora duara jekundu kuzunguka kila ilichokiona kuwa kimelea, papo hapo kwenye skrini. Kama nilivyosimuliwa, alizungusha skrubu ya meza ya hadubini kidogo tu, akaita.

"Njooni muone, wanangu. Nimesogeza slaidi. Huyu kaondoka, huyu kaondoka. Hawa watatu wamegoma."

"Labda picha haijajisasisha, mama."

"Haya, sogeza mwenyewe."

Kimelea kimelala kwenye slaidi, na slaidi ikienda nacho kinakwenda. Kisichohama hakimo kwenye slaidi. Kimo kwenye kamera.

Kilichofuata hakikuchukua muda. Taa ilizimwa, kamera ikafunikwa, ikapigwa picha ya giza kwa nusu sekunde ileile inayotumika kwenye slaidi. Skrini iliyotakiwa kuwa nyeusi ilijaa vidoa. Wakaiambia programu ihesabu vimelea ndani ya picha ya kifuniko. Ikavihesabu.

Wastani haukusema kitu

Silikoni yenye joto hutoa elektroni hata pasipo mwanga, na kihisi, yaani ile sehemu ya kamera inayopokea mwanga, hakiwezi kuzitofautisha na zile zilizozaliwa na fotoni. Huo ndio mkondo wa giza. Kwa wastani hujirudufu kila joto linapopanda kwa nyuzi 6 hadi 8 hivi. Kamera isiyo na kipoza hujipasha yenyewe pia, hivyo kihisi huwa na joto kuliko chumba, na chumba kikipanda nacho kinapanda.

Tuchukue namba za mfano, za ukubwa unaofaa kamera ya aina ile. Mandharinyuma ya slaidi, ambayo kamwe haiwi nyeusi kabisa, inaipa pikseli elektroni 40 kwa picha. Chenga za usomaji ni elektroni 3. Mkondo wa giza wa ofisini ni nusu elektroni kwa picha. Variansi hujumlishwa: 40 na 9 na 0.5 ni 49.5, na kipeuo chake cha pili ni 7.04. Sasa hamia kituoni, umeme umekatika. Ofisini ilikuwa nyuzi 22, hapa ni 33. Tofauti ni 11. Mkondo ukijirudufu kila nyuzi 7 unakuwa karibu mara tatu, elektroni 1.5. Variansi inakuwa 50.5, kipeuo chake 7.11.

Kutoka 7.04 hadi 7.11. Hakuna jicho wala programu itakayoiona tofauti hiyo. Kwa namba hizo tu, mtu akiniuliza kama joto la Temeke litasumbua, ningemjibu kwamba halitasumbua. Ndivyo ilivyojibu modeli.

Ila pikseli hazilingani. Mahali ambapo fuwele ya silikoni ina dosari, elektroni hutoka kwa wingi wa ajabu, na pikseli iliyokaa juu ya dosari hiyo ndiyo inayoitwa pikseli moto. Tuseme moja inaongeza elektroni 12 kwa picha pale ofisini. Kwenye joto la kituo inaongeza 36. Programu ilikuwa imewekewa kizingiti cha mara tano ya mtawanyiko: chochote kilichozidi mandharinyuma kwa kiasi hicho kinatazamwa kama kimelea. Kwa picha moja kizingiti ni 5 mara 7, yaani 35, na pikseli yetu ingekuwa imesimama mlangoni.

Lakini timu haikutumia picha moja. Ili kupunguza chenga ilipiga nne kwa kila uwanja na kuchukua wastani wake. Wastani wa picha nne hukata chenga zinazobadilika kwa nusu: 7 inakuwa 3.5, na kizingiti kinashuka hadi 17.5. Pikseli moto haibadiliki. Iko na elektroni zake 36 kwenye picha ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na wastani wa 36 nne ni 36. Ofisini, ikiwa na 12, ilipita chini ya 17.5 bila kuonekana. Kituoni ilizidi kizingiti zaidi ya mara mbili. Hatua waliyoichukua kusafisha picha ndiyo iliyoutoa uchafu uliobaki hadharani.

Kihisi cha pikseli milioni 1.2 kikiwa na moja mbovu ya namna hii katika kila pikseli laki moja, ni 12 kwenye kila picha, mahali palepale, uwanja baada ya uwanja. Hata kama moja tu kati ya hizo itafanana na kijiti, tumeshafika 1+.

Na kwa nini ifanane na kijiti? Kamera ya rangi haina rangi zote kwenye kila pikseli. Tangu hataza ya Bryce Bayer wa Kodak, 1976, kihisi hufunikwa vichujio vidogo: nusu ya pikseli kijani, robo nyekundu, robo bluu, na programu hukisia rangi zinazokosekana kwa kutazama majirani. Pikseli moto moja ikipita kwenye ukisiaji huo hutoka ikiwa doa la tatu kwa tatu. Mbili zilizokaribiana hutoka zimeungana, tayari kijiti kifupi. Kwenye hadubini hii ukuzaji unaofika kihisi ni mara 10 na pikseli ni mikromita 3.75, hivyo kimelea cha mikromita 2 hujaza pikseli tano hivi kwa urefu. Ukubwa unalingana. Rangi nayo inalingana, kwa sababu nusu ya kihisi ni kijani na kimelea kinachotafutwa ni cha kijani.

Kuna jambo jingine lililochangia, nalo sitawalaumu kwalo. Hofu kubwa katika kazi ya kifua kikuu ni kumpita mgonjwa. APOPO, shirika lenye makao Morogoro, limefundisha panya buku kunusa makohozi ambayo maabara ilikwisha kuyasoma kuwa hasi, makusudi kuwatafuta waliopitwa. Ukifanya kazi katika mazingira hayo utashusha kizingiti, na timu ilikishusha. Kingekuwa juu, kisa hiki kingejificha hadi Februari nyingine yenye joto zaidi.

Turudi kwenye mstari ulionyooka. Njia ya kutoa picha moja kwenye nyingine imebuniwa hivyo makusudi, ili kila kisichobadilika kifutike na zibaki chenga za bahati nasibu pekee. Pikseli moto inayosoma 36 kwenye picha zote mbili huacha sifuri. Ile elektroni 12 ya ofisini nayo iliacha sifuri. Kipimo kilichotumika kuthibitisha modeli kilikuwa kinafuta aina ileile ya chenga ambayo modeli haikuwa nayo, kwa hiyo vilikubaliana kabisa. Na EMVA 1288 hiyohiyo ina sehemu ya pili, ya kuchora mgawanyo wa pikseli zote za picha ya giza kwenye mhimili wa logariti, ili pikseli chache mbovu zilizo mbali na wenzake zionekane badala ya kuzama kwenye mamilioni. Timu ilifanya ya kwanza ikaishia hapo. Mchoro wa pili, kwa picha zao za giza, una nundu nyembamba upande wa kushoto na mkia mrefu unaokwenda kulia. Modeli yao ilikuwa nundu tupu.

Marekebisho

Wazo la kwanza la timu lilikuwa kutoa picha ya giza kwenye kila picha ya slaidi. Linasaidia, ila si kwa pikseli mbaya zaidi. Ukiondoa 36 kwenye pikseli ile, unaondoa wastani wake. Mtawanyiko wa hizo 36, ambao ni 6, unabaki. Variansi ya 49 na 36 ni 85, kipeuo 9.2, na kwa wastani wa picha nne 4.6 badala ya 3.5 ya majirani. Bado ni pikseli yenye kelele kuliko wenzake, na zile za mamia ya elektroni ni mbaya mara nyingi zaidi. Hizo ni bora kuzitupa na kujaza nafasi yake kwa majirani wa rangi moja.

Mimi ningeanza kwingine, kwenye lenzi. Lenzi ya mara 20 yenye upenyo (kipimo cha uwezo wake wa kukusanya mwanga) wa 0.4 haiwezi kukusanya mwanga wa kijani kwenye nukta ndogo kuliko mikromita 0.8 hivi kwa nusu kipenyo. Ukikuza mara 10, doa dogo kabisa linalofika kihisi lina upana wa pikseli nne. Kwa hiyo chochote kilichopita kwenye lenzi lazima kiwashe pikseli kadhaa kwa pamoja. Pikseli iliyowaka peke yake, majirani wote wa kijani wakiwa kimya, haikuona kitu. Swali hilo linajibika kwenye picha ghafi tu, kabla ya kukisia rangi. Baada ya hapo ushahidi umeshachanganywa. Programu ya awali ilikuwa inasoma picha iliyokwisha kutiwa rangi. Kuisogeza hatua moja nyuma kulikuwa kazi ndogo kuliko yote, na kuliondoa sehemu kubwa ya vidoa kabla ya modeli kuguswa.

Modeli yenyewe ilibadilishwa mahali pamoja: namba moja ya mkondo wa giza ikawa ramani, pikseli moja thamani moja. Nundu ilichorwa kwa mgawanyo wa lognomali, na mkia ukachotwa kwenye picha zao za giza. Joto likawa kigezo. Hapa pana mtego: pikseli moto hazijirudufu kwa mwendo uleule wa wastani, kwa kuwa dosari zake hutofautiana, hivyo kuzidisha ramani ya nyuzi 22 kwa namba moja hakukupi ramani ya nyuzi 33. Walilazimika kupiga picha za giza kwenye joto mbalimbali, kamera ikiwa imeshawaka muda wa kutosha kutulia.

Pana mtego wa pili ambao nauona kwenye misimbo mingi. Ramani ikichorwa upya kwa bahati nasibu kwa kila picha, wastani wa picha nne utazifuta pikseli moto za kuigiza, na kompyuta itafundishwa kwamba jambo hilo hutokea. Picha nne za uwanja mmoja lazima zishiriki ramani moja. Picha za uwanja mwingine zinaweza kupewa ramani nyingine, na ni vizuri zipewe, ili programu isikariri kamera moja.

Timu ilijadili kuacha msimbo wake na kuhamia Pyxel, programu huria ya Python iliyoanzishwa na Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ESA, kwa kushirikiana na ESO, shirika la Ulaya la darubini za nyota. Pyxel huiga kihisi hatua kwa hatua, kuanzia fotoni hadi saketi ya usomaji, na kila kigezo hukaa kwenye faili la YAML linalosomeka. Faida yake, kwa maoni yangu, ni kwamba inakuuliza mambo. Ukiweka sehemu ya mkondo wa giza unakutana na joto uso kwa uso, huwezi kulisahau. Lakini imejengwa kwa vihisi vya darubini na vyombo vya anga, na hakuna programu yoyote itakayokutungia mkia wa kamera yako ya bei nafuu. Mkia unapimwa. Wakabaki na msimbo wao, na nadhani walifanya sawa, mradi sasa wanaupima kwa michoro yote miwili.

Kilichobaki

Zipo pikseli ambazo ramani haizishiki. Ni vigeugeu: hukaa kwenye kiwango cha chini, zikaruka juu, zikarudi, bila utaratibu. Ikipigwa picha ya giza wakati ziko chini, ramani inaziandika kuwa njema. Dawa nzuri ni ile aliyoionyesha mama wa maabara kwa mkono. Kati ya picha nne za uwanja mmoja slaidi isogezwe kidogo, kisha programu izipange upya kwa kufuata vitu vilivyomo na kuchukua thamani ya kati badala ya wastani. Wanaopiga picha za nyota hufanya hivyo siku zote. Kwa meza ya mota ni amri moja. Meza hii ni ya skrubu, na kusogeza mara tatu kwa kila uwanja, nyanja 30, slaidi baada ya slaidi, ni mzigo kwa mtu ambaye ana foleni. Wamekubaliana ifanyike tu pale programu inapotaka kutoa jibu la vimelea vichache.

Picha za giza sasa hupigwa kila asubuhi kamera ikishapata joto, na tena umeme ukikatika. Faili la vigezo limefungwa kwa namba ya kamera, na programu hukataa kufunguka ikikutana na kamera nyingine.

Kizingiti hakijaguswa. Vijana wanataka kukipandisha, sasa kwa kuwa wanajua chenga zao. Mtaalamu wa maabara hataki, kwa sababu vimelea viwili hafifu alivyoviona kwa jicho kwenye slaidi moja ya majaribio vingepita chini yake. Picha ghafi za slaidi hiyo nimezitazama, na vyote viwili vina upana wa pikseli nne.